Bwawa la Bi Halo

Kwa miaka thelathini na moja, kila aliyepiga simu hospitali kuu ya mji wetu alipokelewa na sauti moja. Ilikuwa sauti nene kidogo, isiyo na haraka, kama ya mtu aliyekaa akikusubiri wewe tu. Mwenye sauti alikuwa mpokea simu, katika chumba kidogo kando ya lango, nyuma ya kidirisha cha kioo. Watu walimwita Bi Halo, na jina hilo likamganda mpaka mtaani. Wengi waliomjua kwa sauti walishtuka siku walipomwona akisimama, maana alisimama kwa magongo mawili.

Polio ilimpata akiwa na miaka minne. Mguu wa kushoto ulisinyaa, wa kulia ukabakiwa na nusu ya nguvu zake. Kwao walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake aliyemtangulia kwa miaka mitatu, na kaka huyo ndiye aliyekuwa miguu yake. Alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi, mwaka baada ya mwaka, hadi Bi Halo alipovunja ungo akaona haya kubebwa. Kaka mtu alijifunza uashi, akawa bingwa wa kujenga matangi ya maji. Tangi alilolijenga yeye halikuvuja, na mji mzima ukamwita Fundi Tangi.

Mimi nimeishi na Bi Halo ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa. Niliyoyaona nimeyaona, na mengine alinisimulia mwenyewe tukichambua mchele uani kwake.

Alipokaribia kustaafu, ile miguu iliyomtosha maisha yote ilianza kugoma. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa ule una tabia ya kurudi uzeeni kudai kilichobaki. Magongo yakaegemezwa nyuma ya mlango, kiti cha magurudumu kikaingia sebuleni, na nyonga zikawa zinamuuma hata akiwa amelala. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo, pale pale hospitalini, alimwambia dawa yake ni maji. Ndani ya maji mwili hupoteza uzito, na mguu usioweza kitu nchi kavu unaweza kupiga hatua. Aingie mara mbili kwa wiki, maji yafike kifuani, na awe na kitu cha kushika.

Mjini kulikuwa na bwawa la kuogelea la umma. Alikwenda mara moja tu. Ngazi yake ilikuwa ya vyuma vilivyosimama wima, kama ya kupandia darini, kwa hiyo wahudumu wawili walimshika makwapani wakamteremsha kama gunia. Gauni lilifunuka juu ya maji. Watu waliokuwa wakiogelea walisogea kando wakatazama. Mmoja wa wahudumu alisema mama huyu ana uzito wa haki, na Bi Halo akacheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka na watu. Aliporudi nyumbani alijifungia ndani siku mbili.

Siku ya tatu kaka yake alikuja, akasikiliza, akatoka uani akasimama kwa muda mrefu akiitazama ile sehemu ya nyuma iliyokuwa na kamba za kuanikia nguo. Kisha akarudi ndani, akaomba chaki.

Fundi Tangi hakuwa mtu wa karatasi. Alisukuma viti ukutani, akachora bwawa sakafuni mwa sebule. Halafu akampima dada yake kama mshonaji anavyompima bibi harusi. Alipima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio cha kile kiti cha magurudumu, akapata sentimita arobaini na nane. Alipima toka nyayo hadi kifua, na kiasi cha mguu wa kulia kuweza kuinuka. Akamwambia anyooshe mikono yote miwili, kama anayemkumbatia mtu mnene.

"Mnene kiasi gani?" Bi Halo aliuliza.

"Kama wifi yako. Nyoosha, usimwambie nimesema."

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Ukuta wa bwawa ungetoka juu ya ardhi kwa urefu ule ule wa kiti, na juu yake uwe mpana wa kukalia, ili Bi Halo asogee kutoka kitini hadi ukutani bila kuinuliwa na mtu. Kwa ndani kungekuwa na benchi la zege, chini yake benchi jingine, na chini yake jingine, ashuke kwa makalio kama mtoto anayejifunza ngazi, hadi miguu ikute sakafu. Kina kiwe cha kifua chake, si cha mtu mwingine. Urefu mita sita. Upana uwe wa mikono yake iliyonyooka, na vyuma vya kushikia vipite pande zote mbili, ili popote atakaposimama asikose pa kushika kulia na kushoto.

Majirani tulipoona shimo refu jembamba tulisema anajengewa josho la ng'ombe. Bi Halo alisema ni kweli, na akaongeza kwamba ng'ombe akishatoka humo tutamwona akipiga mbio hadi sokoni.

Kazi ilifanyika Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa siku nyingine kaka mtu alikuwa kwenye vibarua vyake vya matangi. Alifika kwa baiskeli asubuhi na mapema, na vibarua wawili walimkuta ameshaanza. Walichimba, wakashindilia, wakamwaga zege la chini. Nondo alizifunga mwenyewe, kila kiungo kwa waya, akizipanga karibu karibu kuliko kawaida. Maji, alisema, ni kama umbea, yakipata tundu la sindano yametoka. Bi Halo alikaa kitini kando ya shimo na kopo la chai, akiuliza kila kitu. Alijifunza kutazama timazi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Kufikia mwezi wa pili aliweza kuwaambia vibarua kwamba kokoto zao zina vumbi, na vibarua wakaziosha.

Mtu mmoja tu hakufika pale uani, naye ni mke wa Fundi Tangi. Zamani mawifi hawa wawili walikuwa chanda na pete. Sasa Bi Halo alimtumia salamu, salamu zikarudi fupi. Alimuuliza kaka yake kuna nini, naye akasema ni shughuli za nyumbani tu.

Siku ya kumwaga kuta ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Mashine ya kuchanganyia zege iliharibika kabla ya adhuhuri, ukuta ukiwa umefika nusu. Vibarua walishauri waache hadi kesho. Fundi Tangi aliwatazama kama waliomtukana mama yake. Zege halilali, aliwaambia. Ukiliacha usiku mmoja, pale lilipoishia jana na lilipoanzia leo ndipo maji yatakapopita. Wakachanganya kwa koleo, na yeye akashika ndoo kama wao, akipanda na kushuka ubao. Alasiri uso wake ulikuwa na rangi ya saruji. Alikaa juu ya mfuko uliobaki, mkono kifuani. Bi Halo alimsogezea maji na kumwambia apumzike, akajibiwa kwamba ni jua. Kisha akainuka, wakamaliza.

Wiki iliyofuata alikuja kila jioni kuzimwagilia kuta, kwa sababu zege hunywa maji kama mzazi aliyetoka kujifungua. Siku ya saba waliondoa mbao. Kuta zilikuwa laini, hazina tundu. Alizungusha kiganja chake kona hadi kona.

Siku ya kumi na moja, Jumatano saa sita mchana, simu ya Bi Halo ililia. Aliipokea kama alivyozoea. Upande wa pili alikuwa wifi yake.

"Kaka yako ametutoka," alisema, na simu ikakatika.

Bi Halo aliniambia kwamba kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameunganisha simu za namna ile, mamia kwa mamia, na alijua watu hufanya nini. Wapo wanaopiga kelele, wapo wanaouliza nani anasema, wapo wanaocheka. Yeye alibaki ameishika simu sikioni, akisubiri apewe namba ya kuunganisha.

Msibani wifi hakukaa naye. Watu walipowapangia mkeka mmoja, aliinuka akaenda chumba kingine. Tuliona, tukainamisha macho. Bi Halo alifikiri ni uchungu, na kila mtu ana namna yake ya kuubeba. Lakini arobaini ikapita, miezi ikapita, na yule mama hakukanyaga mtaani kwetu. Alipopigiwa simu hakupokea.

Bwawa lilibaki kama lilivyoachwa, boksi la kijivu lisilo na lipu, nondo za vyuma vya kushikia zikichomoza. Bi Halo alifunga dirisha la nyuma akavuta pazia. Nguo alianza kuanika upande wa mbele, mbele ya macho ya wapita njia, na hakuna aliyethubutu kumtania. Mvua zilipokuja bwawa lilijaa hadi magotini. Likafanya ukungu, kisha vyura, kisha mbu. Watoto wa nyumba ya tatu wakapata homa, na bwana afya akaja na fomu yake. Alikuwa mtu mstaarabu. Alivua kofia, akasema anaelewa, lakini maji yale ama yatolewe na kazi imalizike, ama lile shimo lifukiwe.

"Lifukiwe," Bi Halo alijibu.

Alitafuta watu wa nyundo kubwa, wakakubaliana waje Jumatatu kuzivunja kuta.

Nakiri hapa kwamba umbea huo niliubeba mimi. Jumamosi nilimkuta wifi mtu kwenye mashine ya kusaga, tukiwa kwenye foleni, nikamwambia ile kazi ya mwisho ya marehemu inavunjwa keshokutwa. Aliuchukua unga wake, akaufunga vizuri, akaondoka.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa uani kwa Bi Halo kabla ya wenye nyundo. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kumshika mkono jirani yangu siku ngumu. Yule mama alipita mbele yangu bila salamu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta, akasimama ameupa mgongo, mikono kaiweka nyuma, viganja vimeugusa.

"Umeniulia mume," alisema, "na sasa unataka kuvunja alichofia."

Bi Halo hakuelewa, na alimwambia hivyo. Ndipo yakatoka. Miezi mitatu kabla ya siku ya kuta, daktari alikuwa amemwambia Fundi Tangi kwamba moyo wake umetanuka. Asiinue kitu kizito, asifanye kazi juani, akishindwa kutii ajichimbie kaburi mwenyewe. Mkewe alimsihi aache hilo bwawa. Naye akamjibu kwamba ameshamweleza dada yake kila kitu, na dada amesema waendelee polepole.

"Nikasema moyoni, yule ni mtu wa hospitali, anajua," wifi alisema. "Kama yeye anajua na bado anamruhusu, basi anajali miguu yake kuliko roho ya kaka yake. Nikakuchukia. Siku ile ya kuta amerudi kashika kifua, nikakuapiza."

Bi Halo alikuwa ameshika magurudumu ya kiti kwa nguvu hata vidole vimebadilika rangi.

"Mimi aliniambia ni jua," alisema.

Hasira ya mwaka mzima ilikuwa imesimama pale uani, na ghafla haina wa kumwangukia. Kila mmoja alidanganywa na mtu yule yule, kwa upendo ule ule, na mtu mwenyewe yuko mchangani, haulizwi. Wifi aliteleza taratibu ukutani hadi akakaa chini kwenye tope. Wenye nyundo walipofika, mimi ndiye niliyewarudisha.

Wiki mbili baadaye wifi alirudi na mzee mmoja, swahiba wa marehemu kazini, ambaye mafundi wenzake walimwita Mzee Niru kwa kuwa hakuna aliyejua kulainisha saruji kumzidi. Alitoa maji machafu, akasugua ukungu, akagonga kuta kwa kishikio cha mwiko kila hatua moja, sikio likiwa karibu, kama daktari. Akasema hana cha kurekebisha. Ndani, kwenye ukuta wa kaskazini, kulikuwa na mistari ya penseli nyekundu. Ilikuwa alama za benchi la kwanza, la pili, la tatu, na juu kidogo mstari mrefu ulioandikwa kwa mwandiko wa kupinda: *kifua*. Mzee Niru aliacha mwiko akauliza afanyeje. Bi Halo alisema asubiri. Akamgeukia wifi.

"Apige lipu tu," wifi alisema. "Mstari hauzuii maji."

Akapiga lipu, akapaka dawa ya kuzuia maji, akaweka niru, akafunga vyuma vya kushikia na bomba la kutolea maji. Lori la maji lilileta shehena mbili. Mzee Niru aliweka alama pale maji yalipofikia, akasema tusubiri siku saba. Siku ya saba maji yalikuwa yameshuka kiasi cha unene wa kucha, kile ambacho jua huchukua kwa vyovyote vile. Alikunja futi yake, akasema mwenzake hakujua kulipua kazi. Bi Halo aligeuza kiti akaingia ndani, na hatukumwona tena siku ile.

Mara ya kwanza aliyoingia majini tulikuwa watatu tu. Alisogeza kiti hadi kikagusa ukuta, akafunga breki, akajivuta. Kiti na ukuta vilikuwa sawa sawa, hata kidole kisingeona tofauti. Akaigeuza miguu yake kwa mikono, mmoja, wa pili, akaitumbukiza ndani. Benchi la kwanza, benchi la pili. Kwenye la tatu maji yalimfika tumboni, akasita, na wifi aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akamshika kanga kiunoni bila kuambiwa. Akashuka. Mikono ikapata vyuma kulia na kushoto. Akasimama.

Alikuwa hajasimama kwa mwaka na nusu. Alifumba macho, akapeleka mguu wa kulia mbele, na ule wa kushoto, uliokuwa kama kitambaa tangu utotoni, ukaufuata wenyewe ndani ya maji. Hatua nne. Ndipo alipolia, kwa sauti, akiwa amesimama, na hakuwa na mkono wa kujifutia kwa sababu yote miwili ilikuwa imeshika vyuma. Wifi hakumbembeleza. Aliendelea kuishika ile ncha ya kanga, akisogea naye juu ya ukuta kidogo kidogo, huku machozi yake mwenyewe yakimtiririka kidevuni.

Hayo yana miaka mitatu sasa. Miguu haikupona, na hakuna aliyesema itapona. Nyonga zimepunguza kuuma, anapata usingizi, na anaweza kujigeuza kitandani peke yake, jambo ambalo asiyewahi kulikosa hajui thamani yake. Wifi huja Jumatatu na Alhamisi. Hajawahi kuingia majini. Hukaa ukutani, huhesabu mizunguko, wakimaliza hunywa chai, huondoka kabla ya jua kuzama. Urafiki wao wa zamani haukurudi. Kilichopo ni kitu kingine, na sina jina lake.

Mwaka jana Bi Halo alipata ujasiri wa kumuuliza, akiwa katikati ya mzunguko, kama ameshamsamehe.

"Wewe huna kosa la kusamehewa," wifi alimjibu. "Yule ndiye bado."

Bi Halo alisema hata yeye bado hajamsamehe kaka yake. Wakaendelea. Mimi huwasikia kutoka upande wangu nikiwa naosha vyombo, na zipo Jumatatu nyingi ambazo sisikii neno hata moja, ila maji yanayogonga ukuta na yule mama akihesabu: kumi na moja, kumi na mbili.